Neno "Punguani": Maana Yake na Asili Yake

Yako maneno tunayoyasema kila siku wala hatuulizi yametoka wapi. Neno punguani ni mojawapo. Twalisikia kisimani, twalisikia sokoni, twalisikia hata nje ya kanisa watu wanapotoka katika Misa. Mtu akisahau jembe lake shambani, wenzake humcheka: "Punguani wewe!" Mtoto akichelewa kusema, majirani hunong'onezana neno hilohilo. Mwanamke akifiwa, akakaa siku nyingi bila kupika wala kusema na watu, neno ni hilohilo tena. Naona ni vema tulitazame neno hili, maana yake na njia liliyopita hata kufika huku kwetu Unyamwezi. Maana mtu alijuaye neno hulitumia kwa haki, bali asiyelijua aweza kumwumiza mwenziwe kwalo, asijue alilolitenda.

Tuanze na shina lake. Neno hili limetoka katika kupungua. Maji ya kisima hupungua wakati wa kiangazi, mwezi hupungua mbinguni, homa hupungua mwilini, nafaka hupungua ghalani. Basi tusemapo "akili punguani", twasema akili ambayo haikutimia kipimo chake. Nayo yaelekea kwamba usemi huo mrefu ndio uliotangulia, kisha watu, kwa kupenda ufupi, wakaliacha neno akili na kumwita mtu mwenyewe punguani, kana kwamba aliyepungua ni yeye mzima, mwili na roho.

Angalieni sana tofauti iliyomo humo. Ghala iliyopungua si ghala tupu. Kisima kilichopungua si kisima kikavu. Mwezi uliopungua leo twautazamia kuwa mpevu tena. Kwa hiyo neno hili, kwa asili yake, halisemi ya kwamba mtu hana akili. Lasema anazo, ila hazikutosha, au zilitosha zamani na sasa zimepunguka. Kinyume chake ni timamu, neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni kamili, iliyotimia. Na neno akili lenyewe ni la Kiarabu pia. Jamaa yake katika lugha ile ni neno la kumfunga ngamia mguu kwa kamba asitoroke. Akili, basi, ni kamba imshikayo mtu asipotee. Kamba yaweza kukatika kabisa, nayo yaweza kulegea tu. Punguani ni yule ambaye kamba yake imelegea.

Liko neno jingine la ukoo huo, nalo ni taahira. Hilo ni jamaa ya taahari, yaani kuchelewa. Mtoto taahira ni mtoto aliyechelewa: wenzake wamekwisha kutembea, yeye bado, wenzake wamekwisha kuhesabu, yeye bado. Lakini msafiri aliyechelewa hatuwezi kusema kwamba hayumo safarini.

Sasa tuyatazame maneno ya ugonjwa mkubwa, ndipo tutaona vizuri jinsi neno letu lilivyo la upole. La kwanza ni wazimu. Kila mtu aona kwamba limetoka katika mzimu, yaani roho ya mtu aliyekufa. Wazee waliposema "Fulani ana wazimu", walisema kwamba wazimu wamo pamoja naye, wamemshika, wadai kitu kwake: labda kaburi limesahauliwa, labda sadaka haikutolewa. La pili ni majinuni, nalo lilikuja na Waarabu. Maana yake ni mtu aliyeshikwa na jini. Maneno hayo mawili yametoka katika nchi mbili zilizo mbali, walakini yasema jambo moja: ugonjwa umetoka nje, na yuko aliyeuleta. Basi ilikuwa lazima atafutwe. Watu wakaenda kwa mfumu apige ramli. Na mara nyingi ramli haikuishia kwa mzimu, ikamwangukia bibi kizee wa jirani, akaitwa mchawi. Machozi mengi yametoka katika njia hiyo.

Neno punguani halimtafuti mtu wa kulaumiwa. Halina mzimu ndani yake, wala jini, wala mchawi. Ni neno la kipimo tu.

Na kipimo kilijulikana sana hapa Tabora. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kujenga makao yao katika Unyanyembe, na Wazungu wa kwanza, Burton na Speke, walipofika mwezi Novemba mwaka 1857, walikuta soko, maghala na nyumba kubwa za tembe. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ilikuwa ratili 35 hivi. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kufanya pishi moja. Chumvi ya Uvinza nayo ilipita njia hii na kubadilishwa kwa vitu vingine. Wanyama wa kubeba hawakuweza kuishi kwa sababu ya mbung'o, basi mizigo yote ilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu, na waliosifiwa kuliko wote kwa kazi hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, mwendo wa miezi mitatu mpaka Bagamoyo, kisha akarudi na nguo, shanga na waya. Akarudi pia na maneno. Kiswahili kilipanda bara kwa miguu ya watu hao, muda mrefu kabla ya shule ya kwanza kufunguliwa huku.

Sisemi ya kwamba neno punguani lilizaliwa katika mizani ya pembe. Nasema tu kwamba watu waliozoea kibaba na frasila hawakuwa na shida kulielewa. Walijua kwamba mzigo uliopungua ungali mzigo, una thamani yake, wala hautupwi porini.

Lakini njia ile haikubeba pembe na nguo peke yake. Ilibeba watu pia, wamefungwa minyororo. Na hapo twakutana na ugonjwa wa akili mwingine, usiokuwa wazimu wala upungufu wa kuzaliwa. Mwaka 1870 David Livingstone alikuwa katika nchi ya Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika. Aliandika katika daftari yake kwamba ugonjwa wa ajabu kuliko yote aliyoyaona katika nchi hizi ni ule wa kuvunjika moyo, nao huwapata watu huru waliokamatwa na kufanywa watumwa. Alieleza habari za msafara mmoja. Mateka walivumilia vizuri mpaka walipovuka mto Lualaba. Walipoutazama ule mto mpana, uliowatenga sasa na kwao, mioyo yao ikaanguka. Wengine walifunguliwa minyororo wakatoroka mara. Lakini wengi wakafa katika muda wa siku tatu baada ya kuvuka, wala hawakuwa na homa wala jeraha. Walipoulizwa mahali pa maumivu, waliweka mkono juu ya moyo. Daftari hizo Livingstone alimkabidhi Stanley hapa kwetu Kwihara, mwezi Machi mwaka 1872. Yeye mwenyewe alifariki mwaka uliofuata, na habari zake zikachapwa London mwaka 1874.

Ndugu zangu, watu wale hawakuwa na jina la ugonjwa wao, ila mkono juu ya moyo. Siku hizi madaktari wa Tanzania huuita sonona, nalo ni neno zuri la Kiswahili cha zamani, maana kusononeka ni kuumia ndani kwa ndani. Mtu wa namna hiyo hapigi kelele, harushi mawe, havui nguo njiani. Hukaa kimya, hakula, halali, haoni faida ya kuamka. Kwa kuwa haogopeshi watu, wao husema tu kwamba ni mvivu, au kwamba ni punguani. Kumbe amevuka Lualaba yake, wala sisi hatukuuona ule mto.

Hapa Kipalapala penyewe tuna ukumbusho wa mambo hayo. Katika miaka ya 1880 Mapadre Weupe walikuwa na makao ya watoto waliokombolewa katika utumwa, mpaka walipolazimika kuondoka mwaka 1889 kwa sababu ya hatari za siku zile. Watoto wale walilishwa na kufundishwa, lakini walikuwa wameona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Mahali pengine mambo yaliendelea kwa namna ya kutushangaza. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Biashara ya watumwa ilipokoma, na mwanzo wa karne ya 20 kufika, nyumba zilezile ziligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mahali pa waliofunguliwa minyororo ya chuma pakawa mahali pa waliofungwa na minyororo isiyoonekana. Na wagonjwa hawakukaa bure, bali walipewa kazi ya mikono kadiri ya nguvu zao, maana kazi ya amani ni dawa pia.

Baadaye reli ikafuata njia ya misafara, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Na mwaka 1927 ikafunguliwa huko Dodoma, katika reli hiyohiyo, hospitali ya wagonjwa wa akili iitwayo Mirembe. Kenya wana Mathari huko Nairobi, na Unguja wana Kidongo Chekundu. Nyumba hizo zilijengwa ili watu watunzwe. Nasi tumefanya nini na majina yake? Tumeyafanya matusi. Mtu akikosa neno dogo, huambiwa: "Wewe ni wa Mirembe." Na mwenzetu aliyetoka huko akiwa amepona hufichwa na ndugu zake kama aliyetoka gerezani. Ndivyo tufanyavyo na maneno ya ugonjwa huu. Kila neno la upole likitolewa, sisi hulichukua na kulinoa mpaka likate. Punguani lilikuwa kipimo, tumelifanya tusi. Taahira lilikuwa na maana ya kuchelewa, tumelifanya tusi. Hata sonona tusipojiangalia tutalifanya hivyohivyo.

Naandika hayo nikijishtaki mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu kijana, katika shule nisiyoitaja, alikuwamo mvulana aliyekaa nyuma kabisa. Nikimwuliza neno, alinikodolea macho. Nikisema "andikeni", yeye alitazama kwanza daftari ya jirani. Siku moja nilikasirika, nikamwambia mbele ya wote: "Wewe ni punguani." Darasa zima likacheka. Kuanzia siku ile hakuitwa tena kwa jina lake la Ubatizo, wala na wenzake, wala na watu wa kijiji. Mwaka uliofuata alikuja mwuguzi kuwapima watoto. Alipofika kwake alimtazama masikio, akaniita nje. Yule mtoto alikuwa na usaha masikioni tangu alipougua surua utotoni, wala hakusikia ila kidogo sana. Akili zake zilikuwa timamu. Alitibiwa, nikamkalisha kiti cha mbele, nikawa nasema naye uso kwa uso, na kabla ya mwaka kwisha akawa anasoma vizuri kuliko wengi. Leo ni fundi seremala, ana mke na watoto. Lakini wako watu wazima ambao hata leo humwita kwa jina lile. Masikio yalipata dawa, jina halikupata. Nami ndiye niliyempa.

Basi tujifunze kupambanua kabla ya kutaja. Wengine wamezaliwa na upungufu. Labda mama aliteseka siku mbili katika uzazi, mtoto akakosa hewa. Labda mama alipokuwa mja mzito alikosa madini joto katika chakula, na kwa hiyo akili ya mtoto haikukua. Ndiyo sababu twahimizwa kununua chumvi yenye madini joto, wala hilo si neno la biashara tu. Wengine akili zao zimepunguzwa na malaria iliyopanda kichwani. Wengine wana kifafa, na hicho si wazimu, wala povu la mgonjwa haliambukizi. Apewe dawa kila siku, naye aweza kulima na kuoa kama wengine. Wengine wameharibiwa na bangi na gongo. Wako akina mama ambao baada ya kujifungua huingiwa na giza, hata hawataki kumtazama mtoto. Hao waugua, hawakurogwa. Na wengine wamevunjika moyo kama wale mateka wa Manyema. Magonjwa hayo yote sisi twayatupa katika kapu moja na kuliandika neno moja. Mganga anayewapa wagonjwa wote dawa moja hatumwamini; mbona sisi twawapa wote tusi moja?

Tena tuache desturi ya kuwafunga watu kwa magogo na kamba nyuma ya nyumba. Najua wanaofanya hivyo mara nyingi si wakatili, bali wamechoka na wanaogopa. Lakini kamba haikuponya mtu bado. Mgonjwa apelekwe zahanati mapema; akipewa dawa, asiziache siku ile ajisikiapo nafuu; na ndugu zake wasiachwe peke yao kumwangalia usiku na mchana. Huko Ubelgiji uko mji uitwao Geel, ambamo watu walianza katika Karne za Kati kuwapokea wagonjwa wa akili waliokuja kuhiji katika kanisa la Mtakatifu Dymphna. Kanisa lilipojaa, wenyeji wakawachukua nyumbani kwao. Desturi hiyo ikadumu kwa karne nyingi, hata mwaka 1938 wagonjwa waliokaa katika nyumba za wakulima wa huko walizidi 3,000. Walikula meza moja na wenyeji, wakachunga ng'ombe, wakalea watoto. Wakulima wale hawakuwa wasomi wakubwa. Nasi Wanyamwezi tuliosifiwa kwa kubeba mizigo ya wageni, je, tutashindwa kubebeana mizigo ya nyumbani?

Nimalize kwa neno la dini, kwa kuwa sisi ni Wakristo. Katika mafundisho yake ya mlimani Bwana wetu alitaja tusi moja kwa jina lake. Alionya kwamba amwitaye ndugu yake "Raka" astahili hukumu. Wataalamu wa lugha ile watuambia kwamba Raka ni kusema "mtupu", yaani kichwa kitupu. Tazameni jinsi lilivyo karibu na neno letu! Bwana aliona kwamba kumtangaza mwenzako kuwa hana kitu kichwani ni jamaa ya kuua.

Na twakumbuka yule mtu wa Wagerasi aliyekaa makaburini, ambaye watu wa kwao walijaribu mara nyingi kumfunga kwa minyororo wasiweze. Alipoponywa, wakamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Akaomba afuatane na Yesu, lakini Bwana hakumkubalia. Alimwambia aende nyumbani kwake, kwa watu wa jamaa yake. Basi kazi iliyobaki ilikuwa ya watu wa nyumbani: kumpokea, kumpa mahali pa kukaa, na kumwita kwa jina lake.

Wazee wetu walisema: Hujafa hujaumbika. Hapana ajuaye kama kisima chake hakitapungua kesho. Mtakapotaka kulisema neno punguani, kumbukeni asili yake, kwamba kilichopungua bado kipo, na penye kutunzwa chaweza kuongezeka. Na kama hakitaongezeka, basi ni juu yetu tulio na zaidi kujaza.